Nilimwomba Mungu Amfunge Baba Mdomo

Bwana asifiwe, wapendwa wa Ringwani! Mbona mnaitika kama watu ambao hawajanywa uji? Bwana asifiwe sana!

Mimi ni Bhoke, mwalimu wa watoto wenu wa darasa la kwanza. Mnanijua kwa kelele zangu, lakini hamjui kwamba ilibaki kidogo tu nisiwe mwalimu kabisa. Leo nasimama kumshukuru Mungu aliyeniokoa kwa njia ambayo mimi mwenyewe nilimsihi asiitumie.

Kwetu ni Nyarero, kule Tarime. Baba yangu, Mzee Chacha, ni mfugaji, na wakati huo hakuwa mtu wa kanisa. Nilikuwa namaliza mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, nikisomeshwa na wilaya. Ndugu zangu, msaada ule ulikuwa unaombwa upya kila mwaka! Kijiji kinathibitisha kwamba ukirudi likizo unashika jembe kwenye shamba la ujamaa, mwenyekiti anagonga muhuri, halafu mzazi anapeleka barua bomani kabla ya siku ya mwisho. Ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine.

Nikiwa bado chuoni, tarishi wa wilaya alifika kijijini akatangaza mkutanoni kwamba barua zote zifike kabla ya mnada wa ng'ombe unaofuata. Kwetu siku zilihesabiwa hivyo, na kila mtu alielewa. Barua yangu ikagongwa muhuri, baba akaichomeka kwenye nyasi za paa, akingoja siku ya kupeleka madume mnadani ili amalize shughuli zake zote kwa safari moja.

Kisha ugonjwa wa ng'ombe ukaingia. Bwana mifugo akaweka karantini, mnada ukafungwa. Na baba akatulia tuli!

Nikarudi likizo, nikaiona barua pale pale kwenye paa. Nilikimbia kwa mwenyekiti. Akaniambia siku ya mwisho ya wilaya ilikwisha pita wiki iliyotangulia. Nililia, ndugu zangu! Nililia mpaka mama akaacha kusaga wimbi. Baba alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Unalilia nini, Bhoke? Mnada haujafanyika. Siku haijafika."

Kijiji kizima kilimcheka. Na wakati wao wanacheka, washenga walikwisha anza kupiga hodi. Ilikuwepo familia yenye ng'ombe wengi iliyotaka mke, nao walikuwa wanangoja karantini iondolewe tu ili mahari itembee. Nikaona chuo kimeniponyoka.

Baba akasema twende bomani. Tulitoka alfajiri kwa miguu, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na maombi yangu. Baba yangu hajui kunong'ona wala kubembeleza. Njia nzima nilisali, "Ee Bwana, mfunge baba mdomo! Nipe mimi maneno matamu, na yeye mpe ububu wa saa moja tu!" Nilisali kwa imani yote. Tulipopita Turwa nilikuwa nina uhakika nimejibiwa, maana baba alikuwa kimya.

Afisa elimu alikuwa kijana mwenye miwani. Nikaanza maneno yangu matamu, nikaomba radhi, nikapiga goti. Akatikisa kichwa. Nafasi zinagawiwa kesho, akasema, na waliochelewa wamekwisha ondolewa.

Hapo baba akafungua mdomo!

"Mura," akasema. Ndugu zangu, kwa Kikurya hiyo ni kijana, na alikuwa anamwambia afisa wa serikali ofisini kwake! Nilitamani ardhi inimeze. "Mura, huyu asikuombe radhi. Hajachelewa. Mtu wako alisema kabla ya mnada. Wewe umeusikia mnada? Madume yangu yako nyumbani, yananitazama."

Afisa akamwita tarishi, akamuuliza alitangaza nini. "Ndivyo nilivyosema, bwana afisa, kabla ya mnada," tarishi akajibu. "Vijiji vyote vya upande ule."

"Kumbe!" afisa akasema. "Ndiyo maana hakuna hata barua moja iliyotoka kule! Nilidhani watu wamekataa shule." Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasimama, akampa baba kiti chake mwenyewe. "Tata, baba yangu, kaa. Kama tulitangaza mnada, basi tutangoja mnada. Lete barua."

Haleluya! Siku ile ile tarishi akapanda baiskeli kwenda kukusanya barua za wenzangu. Sikupona mimi peke yangu, watoto wa upande wote ule walirudi vyuoni!

Tulipotoka nje nilikuwa naruka kama ndama. Baba akauliza nilikuwa nanong'ona nini njiani. Nikamweleza yote. Akacheka, akasimama katikati ya barabara, akasema, "Basi huyo Mungu wako ana akili. Hakukusikiliza." Jumapili iliyofuata aliingia kanisani, akakaa nyuma, akasema amekuja kumjua huyo mwenye akili. Hajatoka mpaka leo!

Ndugu yangu uliyeomba ukaona kimya, usimwache Mungu. Mwamini hata anapokukatalia, maana mimi alinikatalia nikapona! Inuka, njoo hapa mbele tuombe pamoja. Na kama umekuja na mzee anayesema sana, mshike mkono uje naye.