Mashine Imemkataa Mama

Sogea, kaa hapo kwenye ubao, shika kikombe chako usikilize. Asubuhi hiyo kijiwe kilikuwa kimechafuka. Serikali inagawa unga kwa wazee, na wajanja walikuwa wanaubeba hadi wa marehemu. Ikaletwa mashine ya kusoma vidole. Safi kabisa! Ila Gundi, fundi viatu, mama yake amesokota kamba maisha yake yote, vidole vimelainika kama mgongo wa kijiko. Mashine ikamgomea. Akarudi na gunia lake tupu kwapani.

— Yaani mama yangu si mtu! Gundi aliponda kisigino cha kiatu cha mteja kwa nyundo.

— Tulia mwanangu, alisema Antena, fundi redio, mkubwa wao wote. Ile mashine ina njaa ya umeme. Ikishiba itamtambua.

— Umeme wapi, mzee! Waziri akadakia, yeye ambaye hajawahi kuajiriwa popote. Kuna mtu mbali huko ndiye anayeangalia vidole. Sasa hivi kwao usiku, kalala.

— Kwa hiyo mama ashinde njaa mpaka jamaa aamke?

— Wangenusa jasho tu, Waziri akaendelea. Jasho halighushiwi.

— Wakinusa lako, Waziri, ofisi inafungwa mwezi! Antena akamrushia.

Wakacheka. Gundi naye alicheka, lakini moyo ulikuwa nyumbani, kwenye sufuria kavu.

Mara akatokea dada wa ofisi ya unga, yule anayeshika mashine.

— Shikamoo mzee. Kaka Gundi, nimempigania mama yako. Waliogomewa na mashine, na wagonjwa wa kitandani wanaobebewa unga na ndugu, sasa watathibitishwa na jirani. Kesho, hapa hapa, mbele ya watu.

— Hayo ndiyo maneno! Nasimama mimi!

— Sawa. Ila anayesimama anausemea mtaa mzima. Akidanganya kwa mmoja, wote wanakatwa. Utaweza?

Gundi alikuwa ameshaanza kunyanyua mkono. Ukaganda hewani. Kaka yake Antena alikuwa mgonjwa wa kitandani. Alikuwa. Kijiwe kizima kilibeba jeneza lake, na unga wake bado unakuja, Antena anaubeba, wajukuu wanakula. Na Antena ndiye aliyempa Gundi nyundo ya kwanza.

Waziri akazamisha uso kwenye kikombe chake.

— Mwenye doa ajitokeze leo, dada aliongeza taratibu, hatuna kesi naye. Na kama ni mzee, tunamwandikisha kwa jina lake mwenyewe. Wengi wanaona aibu tu kuomba.

Antena akaweka kikombe chini. Akainuka, akajikung'uta suruali, akashika njia ile inayokwenda kwake, na inayokwenda ofisini pia. Hakugeuka.

— Kaka Gundi, dada akauliza, nikuhesabu shahidi wa kesho?

Haya, wewe uliyekaa hapo na kahawa yako: ungekuwa Gundi, ungemjibu dada pale pale, au ungemkimbilia mzee kwanza?