Kibendera cha Wageni wa Ololosokwan

Mwaka ule kitambaa kilipatikana kwa kujuana, na fundi Patrisi hakujuana na mtu. Ndiyo maana Tluway, kapteni wa timu ya Ganako, alishangaa kukuta kibendera alichoagiza kimeshashonwa: pembe tatu, kijani, pindo jekundu. Msimu uliopita Olais, kapteni wa Ololosokwan, alimkabidhi cha kwao katikati ya uwanja, naye hakuwa na cha kurudisha. Kwa kina Olais, waliopeana zawadi huitana kwa jina la zawadi. Tluway akaitwa Mikono Mitupu. Leo wageni wanarudi. Kwenye benchi la kahawa la Shaabani, mjini Karatu, kibendera kilipita mkono kwa mkono.

— Lakini maana yake nini hasa? aliuliza Shaabani akimimina.

— Salamu tu, mzee wangu, alisema Tluway.

— Salamu gani ina ncha? alidakia Jumanne, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimwi. Ncha ikitazama chini, anayepokea kakubali kufungwa. Si ulipokea wewe? Tukala nne!

— Kweli kabisa, alisema Shaabani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nne zile zilimpita Clemensi, alisema Patrisi. Kibendera hakidaki.

— Clemensi angefanyaje, fundi? Pembe zile tatu ni goli, refa na mganga. Dawa iko kwenye pindo! Mnadhani Saba Saba wanatundika vibendera kamba nzima kwa urembo? Wanazuia mvua.

— Saba Saba mvua hainyeshi hata bila kamba, Redio.

— Umeona? Vinafanya kazi!

Tluway hakucheka. Alikuwa akikipapasa kibendera. Upande wa ndani vidole vyake vilikutana na alama ya namba iliyobanduliwa. Ilikuwa moja.

— Fundi, kitambaa hiki umekitoa wapi?

— Mficha uchi hazai, alijibu Patrisi, akainuka. Nina suruali ya mtu naimalizia.

Kabla hajapiga hatua, Clemensi, golikipa wao, alitokea kona ya duka. Alivaa koti, ndani kifua wazi.

— Jamani, nani kaona jezi yangu? Niliianika nyuma kwa Patrisi.

Shaabani aliinama kwenye birika. Redio alizimika.

Honi ya lori ikalia barabarani, na sauti ya Olais ikatangulia:

— Mikono Mitupu! Uko wapi?

Tluway alificha kibendera nyuma ya mgongo, akamwonyesha Clemensi mkono wa pili. Ulikuwa mtupu kweli.