Mama Jezi na Mwaliko wa Ikulu

Dada yetu, ambaye uwanjani wote walimwita Mama Jezi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1970, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na reli, kisha chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1989.

Mwaka 1996 aliajiriwa kutunza vifaa vya timu ya taifa ya voliboli ya wanawake. Kwa miaka ishirini na sita alifua, akatia viraka na kupiga pasi katika chumba cha dirisha moja chini ya jukwaa. Wachezaji walimwogopa kuliko kocha. "Binti, hiyo ni jezi, si dekio," alimwambia nahodha aliyefutia viatu jezi yake, kisha akamfulia.

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na uvimbe tumboni, akapangiwa upasuaji tarehe 6 Oktoba. Septemba timu ikatwaa ubingwa wa bara kwa mara ya kwanza. Mwaliko wa Ikulu ukaja, na siku ikawa hiyohiyo ya upasuaji. Jina lake lilikuwamo.

"Baba watoto, tumbo litangoja. Rais hangoji," alimwambia mumewe, akaahirisha upasuaji. Ziara nayo ikaahirishwa, mara mbili, naye kila mara akasogeza tarehe yake. Sisi ndugu zake tulimbembeleza. Hatukumbembeleza vya kutosha.

Timu ilipokelewa tarehe 24 Novemba. Dada alikuwa wodini siku ya tatu, hawezi kusimama. Jezi ya kumkabidhi Rais alikuwa ameipiga pasi nyumbani, ameketi. Alasiri nahodha alikwenda kumwona.

"Haya, kasemaje?"

"Kaikunjua, Mama, akauliza nani kaipiga pasi."

"Mwongo wewe," alisema Dada, akicheka huku ameshika tumbo. Lakini kila muuguzi aliyeingia alisimuliwa.

Alifariki dunia tarehe 11 Desemba, saa nne asubuhi, kabla ya kupasuliwa.

Nahodha ameniomba niseme haya mbele yenu: jezi ilipokewa na msaidizi, ikawekwa mezani, haikukunjuliwa. Anaomba radhi. Mwanangu, sisi hatukudai radhi. Tunakushukuru.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili na wadogo zake watatu.

Dada, pumzika sasa. Amani ikae nawe.