Bi Mize na Ukoko wa Kidato cha Nne

Jumamosi, tarehe 27 Oktoba 1979, Bi Mize Sadallah, mpishi mkuu wa shule yetu, atakabidhi funguo za stoo na kustaafu baada ya miaka kumi na minane jikoni.

Alianza mwaka 1961 akiwa mpishi msaidizi, akija kwa miguu kila alfajiri kutoka Bagamoyo mjini. Wakuu wa shule wamebadilika mara tano. Yeye hakubadilika, wala mwiko wake. Mwaka 1974 yalipoletwa mahindi ya njano na wanafunzi wakagoma kula, hakumwita mwalimu yeyote. Alivuta kigoda katikati ya bwalo, akajipakulia ugali, akala taratibu mpaka sahani ikawa nyeupe. Kesho yake foleni ilirudi kama kawaida.

Hayo yamo katika kumbukumbu za shule. Lililonifanya niombe kuandika wasifu huu halimo, maana kosa lilikuwa langu.

Mwaka 1972 nilikuwa mwalimu mgeni wa Kiswahili, mtoto wa Umatengo, huko milimani kusini, ambako wali tuliuona Krismasi tu. Kidato cha Nne walikuwa wakijiandaa kwa mtihani, na miongoni mwa mashairi yao lilikuwamo moja la kukumbuka utoto:

Nikumbukapo jikoni, bibi akinigaia,
Ukoko wa mkononi, wenzangu waangalia.

Nikawaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba mshairi alikuwa fukara: chakula kimekwisha, anakwanguliwa sufuria, na wenzake wanamwonea huruma. Nikaandika DHIKI ubaoni kwa herufi kubwa. Wanafunzi arobaini, karibu wote watoto wa pwani, wakanakili. Chausiku, aliyekuwa akiutegemea mtihani huo aende chuo cha ualimu, aliandika insha nzuri sana juu ya dhiki hiyo. Nikampa alama kumi na nane kati ya ishirini.

Jiko letu limepakana na darasa lile, na Bi Mize alikuwa akichambua mchele chini ya dirisha. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne, zikiwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya mtihani, alipiga hodi ofisi ya walimu na sahani iliyofunikwa kawa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza hali yangu na ya wazee wangu mmoja mmoja, ndipo akaniomba radhi.

"Mwalimu," alisema, "yule mtoto wa shairi hakuwa na njaa. Alikuwa anadekezwa."

Chini ya kawa kulikuwa na ukoko wa wali wa nazi, mkavu, wa rangi ya kahawia. Nilionja kipande, nikamaliza sahani. Akanieleza kwamba ukoko huwa mdogo na watoto huwa wengi. Bibi humpa kipenzi chake, wengine wakabaki kumeza mate. Nilipomwuliza Chausiku mbona hakuniambia, alijibu kwa adabu kwamba darasa zima walijua, ila waliogopa kukosa alama.

Nilifuta ubao na kukiri mbele yao. Niliona haya kwelikweli. Kila mmoja akaandika upya, safari hii juu ya mtu aliyewahi kumpa yeye ukoko. Mtihani ulipofika, swali likauliza hisia za mshairi kwa bibi yake. Chausiku leo ni mwalimu kule Kerege. Bi Mize angejinyamazia kwa kuwa yeye ni mpishi tu, ningewaangusha wote.

Tangu mwaka ule, shairi hilo amekuwa akilifundisha yeye, na sufuria mezani. Alinionya pia kwamba mla ukoko hunyeshewa siku ya harusi yake. Nilioa Januari, mwezi wa jua kali, na mvua ilitulowesha.

Jambo moja nimechelewa kuliona. Ukoko wa jikoni alikuwa akiuwekea watoto wa Kidato cha Kwanza, wale wanaolia kwa kukumbuka kwao. Miaka yote hii sijamwona akila hata kipande.

Bi Mize, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wote uliowalisha, ahsante sana. Mungu akujalie afya, utulivu, na alfajiri za kulala mpaka jua litoke. Jumamosi usiguse mwiko. Wanafunzi ndio watakaopika. Ukoko wote tutaufunika kawa na kukuletea wewe, nasi wenzako tutaangalia.

Mwl. Wilbrodi Kapinga