Nani Aliyefunga Injini ya Lomuria

Wasikilizaji wapendwa, Lodwar, Kakuma, Kaikor na popote redio yenu inaposhika, karibuni. Leo tunamkumbuka Ekiru Lokol, fundi wa magari. Alifariki Jumatatu huko Kakuma, baada ya kuugua kifua. Ekiru Lokol. Fundi wa magari.

Nilipokwenda kumpa pole mjane wake, Nabei, alinikatiza. "Shemeji, wewe usisifu yeye kwa redio," akasema. "Sema tu nani alifunga ile injini ya Lomuria."

Nitasema. Lakini mnivumilie, maana mambo haya yanaanza na wivu, na wivu wenyewe ni wangu.

Mwaka 1974 mimi na Ekiru tulifanya kazi gereji moja hapa Lodwar. Mimi nilitoka Kitale na cheti, nikakitundika ukutani. Hakuna aliyekitazama! Mtu akiingia anasalimu, "Ejok, Ekiru!" Mteja akija ni "Ekiru yuko wapi?" Ala! Na mimi nimesimama pale pale na ovaroli yangu safi. Ekiru hakujua kusoma, lakini gari likimsumbua mtu alimtaka yeye. Hilo lilinichoma.

Kilichonichoma zaidi ni ugali wake. Kamshafti ndiyo shafti inayofungua valvu. Ukiweka yenye nundu kubwa zaidi, valvu zinashuka zaidi ndani ya silinda, na pistoni nayo inapanda. Lazima ujue nafasi iliyobaki kati yao. Basi Ekiru alichukua ugali mgumu wa jana, akaupaka mafuta, akaubandika juu ya pistoni. Akafunga hedi, kile kifuniko cha silinda, akazungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili, polepole. Kisha akafungua na kuukata ule ugali kwa wembe pale valvu ilipobonyeza. Ukiwa mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, injini haifungwi. Watu walikuja kutazama. Wakapiga makofi! Kwa ugali!

Ndipo Lomuria, mfanyabiashara, akaleta pikapu yake. Alitaka nguvu zaidi ya kupita mchangani na mzigo wa Kakuma. Nikaing'ang'ania kazi hiyo. Nikatia kamshafti ya nundu kubwa. Hedi nikaipeleka Kitale ikakwanguliwa, kwa hiyo valvu zikasogea karibu zaidi na pistoni. Ekiru akaniuliza, "Cornelius, umepima?" Nikamjibu, "Nimepima."

Sikupima. Ningepimaje? Nishike ugali wake mbele ya watu wake?

Hapa Lodwar pikapu iliunguruma vizuri ajabu. Karibu na Kakuma dereva akakanyaga mafuta, valvu zikagonga pistoni, injini ikavunjika vipande. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa mali yote ya Lomuria. Akaja gereji kwa hasira. "Nani alifunga?" Ekiru akasema, "Si mimi." Watu wakacheka. Nani mwingine hapa anachezea ugali kwenye injini? Lomuria akanigeukia mimi, mwenye cheti. Nami nikageuza uso. Nikatazama cheti changu ukutani.

Ekiru akafukuzwa siku ile ile. Miaka mitano akaziba mipira ya baiskeli Kakuma kabla mtu hajamwamini tena na gari, na Lodwar nzima ikamwita Fundi Ugali. Miaka mitano, wasikilizaji wapendwa. Mimi nikaja kuacha spana, nikapata kazi hapa redioni.

Juzi kwenye mazishi watu walijaa. Wengine walikuja na baiskeli alizowatengenezea, wakazisimamisha kando ya kaburi. Jamani, hata pale nilimwonea wivu. Nilijiuliza nani atakuja kwangu.

Basi sikieni. Lomuria, kama unanisikia, sikia na wewe. Injini yako niliifunga mimi, Cornelius, mtangazaji wa kipindi hiki. Ekiru hakuigusa. Narudia: niliifunga mimi. Ekiru hakuigusa.

Tunampa pole Nabei, watoto wake na ukoo wote wa Lokol. Na wewe unayesikiliza, kama kuna mtu amebeba kosa lako, mwendee leo angali anaweza kukusikia. Nakwambia hivyo kwa sababu ya jambo aliloniambia Nabei nikiwa tayari mlangoni. Kila jioni ya kipindi hiki, Ekiru alikuwa anawasha redio, ananyamazisha watoto, anakaa karibu. Kipindi kikianza anasema, "Ngoja. Labda leo."