Vidole vya Mwinyimvua

Nafasi ya Mwinyimvua kwenye benchi letu hapa Ruaruke haijakaliwa na mtu, na leo ni siku ya arobaini na tatu tangu tumzike. Hakuna aliyekataza. Kibwana anaweka kofia yake pale, basi. Mimi ndiye ninayechemsha kahawa, mbele ya mashine ya kukoboa iliyokufa, na sifichi, nimechoka kumimina vikombe vitatu halafu mkono ukaenda kutafuta cha nne. Leo baada ya Alasiri nilikuwa na jambo la maana. Kijakazi, mjane wake, kaniagiza niwaulize wenzangu: marehemu alikuwa anaushika vipi ugwe, ile kamba ya upinde? Nguruwe wameingia kwenye mpunga wao siku mbili mfululizo. Binti yao Zuena, aliyerudi kutoka Kiongoroni kumsaidia mama, jana kauvuta upinde wa baba yake, mshale ukadondokea miguuni na ugwe ukamchana kidole. Mpunga huo ukiliwa, mwaka huu hawana kingine. Nikauliza. Ningejua, ningenyamaza.

Kibwana, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, ndiye aliyeanza.

— Vidole viwili tu. Cha shahada na cha kati, mshale katikati. Halafu unabana kisawasawa.

— Ukibana, mshale unayumba, akasema Mshamu. Huyu ni fundi cherehani, hapa jina lake Kipimo. — Ni vitatu. Kimoja juu ya mshale, viwili chini. Na hubani. Ugwe unaulaza kwenye pingili, kama unavyobeba ndoo.

— Nani kakwambia?

— Yeye mwenyewe, hapa hapa.

— Alikwambia, au ulimwona?

— Kwani wewe ulimwona?

— Mimi? Mwinyimvua alikuwa ndugu yangu kabisa.

Hilo halikuwa jibu, na Redio alijua, maana alihamia kwenye gumba haraka sana.

— Vile vidole alikuwa anazugia tu, watu wasimwige. Kazi yote ya gumba. Ndiyo maana gumba lake lilikuwa nene.

— Gumba lake la kawaida. Mimi nimemshonea kanzu, Redio.

— Kanzu ina gumba?

Hapo hata mimi nilicheka. Twalibu hakucheka. Twalibu ndiye anayeosha maiti wa kiume hapa kwetu, mtu wa maneno machache, na alikuwa anakizungusha kikombe chake bila kunywa.

— Sikilizeni, akasema Kipimo, naye sasa kashapandisha mori. — Siri haikuwa kwenye kuvuta, ilikuwa kwenye kuachia. Haachii yeye. Anasema Bismillahi, ugwe unajiachia wenyewe.

— Sasa ndiyo unasema. Kuna siku alimpiga nguruwe akiwa amelala.

— Nguruwe kalala?

— Yeye kalala. Usingizi mzito, mkono unafanya kazi. Nguruwe kaenda kuangukia Ikwiriri.

— Alipanda basi?

Nikawaambia wanyamaze, nina ujumbe wa watu. Ndipo nikamwona Zuena. Alikuwa amesimama kwenye kona ya mashine, upinde wa baba yake begani, kidole kimefungwa kipande cha kanga. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimeona nije mwenyewe. Mama anasema mmekaa na baba miaka mingi. Akatutazama mmoja mmoja. — Nani kati yenu aliwahi kwenda kukaa naye dunguni?

Dungu lake si mbali. Unafuata tuta la mpunga, hujamaliza robo saa unakiona kibanda chenyewe cha kulindia mpunga juu ya miti, na ngazi yake. Kila siku akimaliza kikombe alikuwa anasema, njooni basi mnitembelee, nimechoka kuzungumza na ngedere. Tukicheka. Tukimwambia kesho. Mimi nilimwambia kesho mara nyingi kuliko wote, maana mimi ndiye niliyekuwa nachukua kikombe chake. Aliaga dunia akiwa kule, peke yake, na aliyemkuta alikuwa Kijakazi anampelekea uji.

Redio alinyoosha mkono akaiondoa kofia yake pale kwenye nafasi.

Twalibu akakohoa.

— Vitatu, mama. Sugu zilikuwa tatu, kwenye pingili za kwanza. Ya kidole cha kati ndiyo nene, mzigo ulikuwa pale. Cha pete kiliguswa tu.

Akaonesha kwa mkono wake mwenyewe.

— Wewe ulimwona akivuta? akauliza binti.

— Hapana. Vidole vyake nimevitazama siku moja tu, siku ile namwosha.

Zuena akafungua kile kitambaa, akaviweka vidole vitatu kwenye ugwe, akavuta nusu. Haukuteleza. Akaurudisha taratibu.

— Ahsanteni, wazee wangu.

— Tutakuja, akasema Redio. — Kesho tutakuja kuwatembelea kule.

— Karibuni, akasema Zuena, kwa upole ule ule wa baba yake, akashika njia ya tuta.

Nikalinyanyua dele nimimine. Kahawa bado ilikuwapo. Hakuna aliyeleta kikombe.