Aliomba Kiti Mara Tatu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea kibanda cha fundi viatu, na wakikaa wanne, wa tano inabidi ajishikilie. Ng'ambo ya barabara kuna ile nyumba ya mazoezi yenye vioo toka chini hadi juu, watu wanamoingia kukimbia bila kufika popote. Kila asubuhi kijiwe kinakunywa kahawa na kuwahukumu wakimbiaji. Leo hakuna aliyewajali. Siku tano zimepita tangu dada wa mapokezi, mjamzito wa miezi saba, aanguke nyuma ya kaunta akiwa na taulo la mteja mkononi. Kocha, anayefundisha darasa la baiskeli mle ndani, alifika na hasira za kutosha mtaa mzima. Jana meneja alimpa karatasi, aisaini na kuirudisha kabla ya saa nne ya leo. Inasema kwamba yeye, shahidi, hajawahi kumsikia mwenzake akiomba kiti.

— Uongo mtupu! Kocha alianza hata kabla hajapewa kikombe. — Aliomba mara tatu! Ya kwanza nipo, ya pili nipo, ya tatu nilikuwa nafunga kamba za viatu palepale mbele ya kaunta. Nimesikia kwa masikio haya mawili.

— Na meneja akasemaje? aliuliza Soli, fundi viatu, sindano ikiwa kati ya meno.

— Eti kiti hakimo kwenye Kitabu.

Kitabu kilijulikana sana pale kijiweni. Jina lililo juu ya mlango ule si la tajiri wa pale. Amelikodi kwa kampuni ya ng'ambo, na jina lilikuja na Kitabu chake cha masharti. Kimesema rangi ya ukuta, kimesema muziki ulie vipi, kimesema mfanyakazi atabasamu mpaka wapi. Mfanyakazi haketi mbele ya mteja. Haegemei. Hapigi miayo. Maji baridi ni ya wateja, wao wana bomba la uani. Chakula wanakula wima kwenye chumba cha mikeka, katikati ya ndoo za deki, kwa sababu nyumba ya afya haitakiwi kuonekana ina watu waliochoka. Watu hao hao wanafungua mlango saa kumi na moja alfajiri.

— Hilo ni suala la utaratibu, alisema Faili, aliyestaafu ukarani ila ukarani wenyewe umekataa kumstaafu. — Angeomba kwa barua. Nakala tatu.

— Mtu ana tumbo limefika hapa, aandike nakala tatu? Shangazi, mwenye buli la kahawa, alimwaga machicha karibu kabisa na viatu vya Faili. — Tumbo lenyewe si barua? Na muhuri linao.

— Wahenga walisema, Soli alitoa sindano, — mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa hawa wamekatazwa kuinama. Cha mvunguni watakipataje?

— Methali hiyo haihusiki hapa, Soli.

— Inahusika. Kiti ndicho kiko mvunguni.

Siku nyingine Kocha angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Leo aligonga kikombe kwenye ubao.

— Mnajua kilichoandikwa ukutani, juu ya kichwa chake pale anaposimama? "Sikiliza mwili wako." Herufi kubwa namna hii! Mteja akisikia kizunguzungu mimi namwambia akae, avute pumzi, ndiyo kazi yangu. Yeye aliniambia, kaka, miguu imejaa hata kiatu hakivuki. Na viatu vyenyewe vya kisigino, Kitabu kimetaka. Nikamwambia...

Alichomwambia ni "vumilia, zamu inaisha saa nane."

— Ukamwambia nini?

— Nikamwambia aombe tena. Na alipoanguka, mnajua meneja alikimbilia nini? Pazia! Alivuta kwanza pazia wateja wasione, ndipo akaita maji.

— Laana, alisema Shangazi. — Mimi nawaambia, vile vioo si vya kujitazamia. Nyuma ya kila kioo kuna mtu kaketi, anaandika nani kaegemea.

— Kaketi? Soli alidakia. — Basi huyo ndiye aliyechukua kiti chetu!

— Nyie hamjui mambo ya ofisi, Faili alisogea mbele. — Kule makao makuu kiti kilipigiwa kura. Kikashindwa kwa kura zote. Na wajumbe wote walikuwa wamekaa.

— Makao makuu gani? Soli alirusha kiatu cha watu chini. — Hayapo! Fikirini kidogo, jamani. Tajiri kakodi jina kwa fulani, fulani kakodi kwa mwenzake, mwenzake kwa mwingine. Fuata mpaka mwisho, utamkuta mtu alikufa zamani. Tunatawaliwa na maiti! Maiti atajuaje kuchoka, na yeye kalala mchana na usiku?

— Ndiyo maana haoni haja ya kiti, alisema Faili.

— Ndiyo! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!

— Na hiyo imeingiaje?

— Jina si limetoka ng'ambo? Ni mgeni. Lipewe jembe lilime.

— Mwakani wataajiri watu wasio na magoti, alimalizia Shangazi, akimjazia Soli kikombe. — Mtaniambia.

Faili alikuwa ameacha mchezo. Alimgeukia Kocha, na sauti yake ikawa ya mtu aliyewahi kuona barua nyingi zikiwafukuza watu.

— Lakini sikiliza, kijana. Karatasi hiyo si ya mzaha. Wakiwa na saini yako, watasema aliuficha udhaifu wake na hakuomba msaada. Kazi imekwenda, na bima ya hospitali inaifuata kazi. Na daktari kasema asikanyage chini mpaka ajifungue.

— Kwani mimi nasaini? Mnanijua kweli, mimi? Kocha alisimama. — Nitamrushia usoni! Mbele ya wateja wake! Azibe na pazia!

— Hayo ndiyo maneno. Soli alinyoosha mkono. — Ilete hapa niikate, niitie ndani ya kiatu kinachompwaya mtu.

— Nimeiacha kabatini, Kocha alijibu, upesi mno, akaketi tena.

Haikuwa kabatini. Ilikuwa kwenye mfuko wa kushoto wa suruali yake, imekunjwa mara nne, na saini ilikuwa juu yake. Aliitia alfajiri, kwenye meza ya chakula, mkewe amelala na watoto wamelala. Alijiambia kwamba asiposaini yeye atasaini mwingine. Alijiambia kwamba yule dada hata hivyo asingerudi kaunta na mtoto mchanga. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa maji ya kunawia mikono. Aliogopa, basi. Na tangu alfajiri alikuwa akijichukia, na chuki ile aliibeba hadi kijiweni akaigawa kwa meneja, kwa tajiri, kwa Kitabu, kwa kampuni ya ng'ambo, kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe. Ndiyo maana leo alipiga kelele kuwashinda wote.

Saa nne kasorobo, mlango wa vioo ulifunguka, akatoka mama mmoja wa makamo. Alivuka barabara polepole, mkononi ana mfuko, visigino viwili vyeusi vimechomoza. Hakuna aliyewahi kumwona pale.

— Hamjambo, jamani.

— Hatujambo. Shikamoo, mama, Soli alisogea kumpisha.

— Marahaba. Mimi mama yake yule binti wa mapokezi. Nimekuja kumchukulia vitu vyake. Wamenipa hapo mlangoni, nimesimama.

— Pole sana, mama. Anaendeleaje?

— Kalala tu, anatazama dari. Mtoto bado anacheza tumboni, tunashukuru. Aliuhamisha mfuko mkono wa pili. — Wamesema leo kuna shahidi anapeleka maelezo. Mimi sikulala. Yeye kalala vizuri kabisa. Anasema, mama usihofu, yupo kocha mmoja alisikia mara zote tatu, ni mtu wa haki, atanisemea. Kaniambia asubuhi hukaa hapa, nimshukuru kabla hajaingia.

Aliwatazama wote, akatabasamu.

— Ni nani kati yenu?

Watatu walimgeukia Kocha, nyuso zimewaka, wakingoja aseme "ni mimi, mama." Kocha akafungua mdomo. Mkono wake ulikuwa umeshaukamata mfuko wa kushoto, na Soli akauona mkono. Akaelewa. Faili akaelewa baada yake, akainamia kikombe kilichokuwa kitupu. Shangazi alianza, "Mama, huyu..." akaishia hapo.

Mama akawatazama mmoja mmoja tena, bila haraka.

— Basi atakuwa hajafika, alisema, akakaa kando ya Kocha kumsubiri.